Kanda ya Shangazi Mwanajuma

Kaloleni, Voi
Jumamosi alasiri, Agosti 1996

Mwanangu Rukia,

Salamu zangu ni zile zile tunazopeana kila siku mlangoni, kwa hiyo sizirudii. Wewe uko Sagalla, umekwenda kuwaaga babu na nyanya yako, wazazi wa mama yako, na kwa ninavyomjua nyanya yako hutateremka mlima kabla hujalishwa mara mbili. Mimi nimefunga studio mapema. Nimeketi kwenye kiti wanachokalia watu wa picha za kitambulisho, daftari liko pajani. Kesho asubuhi unapanda basi la Nairobi kwenda chuo cha filamu, nami nina jambo nililolibeba tangu Aprili.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, mama yako ameyamaliza. Nimemsikia wiki nzima. Sina la kuongeza hapo. Langu linahusu kamera.

Unajua watu wa mtaa huu wananiita Baba Video. Tangu niliponunua ile kamera ya kubeba begani, hakuna arusi ya Kaloleni iliyopita bila mimi, wala maulidi, wala harambee ya kanisa huko kwa wajomba zako. Nilijiona fundi. Kidole changu kilikaa juu ya kitufe cha kuvutia picha na hakikujua kupumzika. Nawavuta maharusi karibu, nawarudisha, nawavuta tena, mpaka anayetazama anahisi kama yuko kwenye mashua. Mtu akiniambia, "Video yako ndefu, Baba Rukia," mimi nashukuru.

Kuna kisa sikuwahi kukueleza. Unamkumbuka marehemu Bi Saumu wa nyuma ya msikiti. Nilimpigia video ya arusi ya bintiye, na miezi michache baadaye Bi Saumu akafariki. Yule binti akaja hapa studio, akasimama pale mlangoni, akasema, "Nataka kumwona mama." Nikamwekea kanda. Tukaitazama yote, muda wa saa tatu. Keki ilikuwamo. Magari yalikuwamo, na spika. Hata mimi mwenyewe nilikuwamo, kwenye kioo cha kabati. Bi Saumu alikuwa mkono unaopitisha sinia, na mara moja mgongo unaoingia jikoni. Uso wake haukuwamo popote. Binti hakunilaumu. Alisema tu, "Lakini alikuwepo. Siku nzima alikuwepo." Akajitanda buibui lake akaenda zake.

Sikumwambia mtu, hata mama yako. Nikaendelea kupiga arusi vile vile, kwa kuwa sikujua kosa langu lilikuwa wapi hasa.

Ndipo akaja Mwalimu Mwamburi kuomba kamera kwa ajili ya darasa lake la filamu la likizo, pale ukumbi wa kanisa. Wewe ulikuwa umeshajiandikisha bila kuniuliza. Nikakubali kwa sharti moja, kwamba kamera haiendi popote bila mimi. Mlikuwa wanafunzi kumi na wawili na kamera moja, nami nikakaa nyuma kabisa kama askari wa benki.

Nilingoja kamera iwashwe. Siku ya kwanza mwalimu hakuigusa. Ya pili pia hakuigusa. Aliwagawia daftari na penseli, akachora ubaoni visanduku sita, akasema, "Hii inaitwa storibodi. Kabla hujapiga picha hata moja, ichore. Kila kisanduku ni kile ambacho kamera itaona, hakuna zaidi. Ukishindwa kuchora, basi bado hujajua unataka kutuonyesha nini." Mimi nikacheka kimoyomoyo. Nikasema, watoto wa watu wamekuja kujifunza video, wanafundishwa katuni.

"Na wewe mzee wa nyuma," akaniita, "daftari lako hili hapa."

Zoezi lilikuwa hivi: mtu anaingia chumbani, anakuta barua, anaisoma. Wewe kisanduku chako cha tatu hakikuwa na mtu kabisa. Kulikuwa na barua juu ya meza na kiti kitupu. Vyangu vyote sita vilikuwa na mtu yule yule, katikati kabisa, amesimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Ukainama kwenye daftari langu ukaninong'oneza, "Baba, umemkata kwenye vifundo vya miguu. Mwalimu amesema usimkate mtu kwenye kiungo, ataonekana kama amekatwa kweli. Kata juu kidogo, ama chini." Nikakwambia uangalie kazi yako. Lakini nilipofika nyumbani nikatazama picha za ukutani nilizopiga mimi, nikaona nusu ya ukoo wetu haina miguu.

Kesho yake nikakaa mstari wa mbele.

Nilijifunza kugawa kisanduku kwa mistari, miwili ya kusimama na miwili ya kulala, na kumweka mtu penye mstari badala ya katikati. Nilijifunza kuacha nafasi upande ule mtu anakotazama. Nilijifunza na habari ya mishale, ile inayochorwa kuonyesha mwendo, kwamba mtu akitembea kwenda kulia, kwenye kisanduku kinachofuata asielekee kushoto, la sivyo watazamaji watadhani amesahau kitu nyumbani. Yalikuwa mambo madogo. Lakini nilipokuwa nachora nilimfikiria Bi Saumu. Laiti ningechora hata visanduku vitano kabla ya arusi ile, nikajiuliza ni nani lazima aonekane, kimoja kingekuwa chake.

Kisha mwalimu akataka kila mmoja alete filamu yake ya dakika chache. Wewe ukamchagua dada yangu, Mwanajuma, na kibanda chake cha chai na mahamri kule Miasenyi, kando ya barabara kuu. Nikakuuliza, "Shangazi yako ana nini cha kutazamwa? Si anakaa tu?"

"Ndiyo filamu yenyewe, baba. Anakaa."

Ukachora visanduku ishirini na viwili. Cha kumi na saba nakiona hata sasa nikifumba macho. Barabara imejaa karatasi karibu yote, na shangazi yako yuko mdogo pembeni, upande wa kushoto, anatazama kulia ambako hakuna kitu. Nikakwambia, "Umemtupa pembeni. Mlete katikati, yeye ndiye mwenye filamu."

Ukanijibu, "Nikimweka katikati ataonekana amekaa. Nikimweka pembeni ataonekana anangoja."

Tukaenda Miasenyi, wewe umeshika kamera, mimi nimebeba stendi na betri. Ulifanya kazi yako vizuri, kisanduku baada ya kisanduku, unatia alama kwa penseli. Ulipomaliza hukuizima kamera. Ukaketi chini karibu naye, ukamwuliza, "Shangazi, wewe unamngoja nani hasa?" Mimi nilidhani atasema wateja. Naye akasema habari za mumewe, Athmani, aliyekuwa tanboi wa malori, msaidizi wa dereva. Akasema siku ya mwisho lori lao lilisimama pale pale Miasenyi, akashuka kumuaga, akamwambia, "Nikirudi nitashuka hapa hapa, nitafutie chai." Hakurudi. Akasema kibanda alikijenga pale ili mtu akishuka apate chai. Aliyasema haya taratibu, huku anageuza mahamri kwenye karai, bila kulia.

Rukia, mimi ni kaka yake. Miaka yote nilikuwa nikimwita mkaidi kwa kukataa kuhamia mjini kwetu. Sikuwahi kumwuliza kwa nini.

Mwalimu Mwamburi alipoitazama kanda ile alininyanyua kwa mkono, akanipeleka nje ya ukumbi. "Mzee," akasema, "huyu binti apelekwe Nairobi. Kuna chuo kinapokea wanafunzi, wanataka filamu fupi kabla ya mwisho wa mwezi. Hii inatosha." Nikasema alhamdulillahi. Mdomo ndio uliosema.

Sasa nakuja kwenye lile nililolikalia.

Jumapili iliyofuata nilikuwa na arusi Mwatate. Kabatini kulikuwa na kanda mpya tatu, bado ziko kwenye nailoni zake. Nikaziacha, nikaitoa yako mashineni. Juu yake uliandika kwa mkono wako, SHANGAZI, USIFUTE. Ulikuwa umekivunja kile kijino cha plastiki kilicho nyuma ya kanda, kama mwalimu alivyowafundisha, ili mashine ikatae kurekodi juu yake. Nikakata selotepu, nikaliziba tundu. Nakutajia hii selotepu makusudi, mwanangu, ili usije ukanitetea. Mtu hakosei kwa selotepu.

Nikaenda Mwatate nikarekodi arusi juu ya maneno ya dada yangu, mwanzo wa kanda mpaka mwisho.

Nikarudi nikakwambia mashine imeitafuna kanda. Uliegemea meza ile ya kukatia picha. Nilingoja ulie, au unikasirikie. Ukaniambia, "Pole, baba. Kosa ni langu, ningeitoa mashineni mapema." Uliniomba radhi mimi. Tangu siku hiyo, kila nikitia chakula mdomoni mbele yako, nasikia sentensi hiyo.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza pia, na majibu ninayo mawili. La kwanza ni rahisi kulisema. Wewe ndiye mmoja tu tuliyejaaliwa, na nilipomsikia mwalimu akitaja Nairobi niliona nyumba hii bila viatu vyako mlangoni. La pili linanitia haya. Niliona wivu. Nimebeba kamera miaka kumi, na wewe kwa wiki tatu na penseli ukamfanya dada yangu aseme jambo ambalo mimi, wa tumbo moja naye, sikuwahi kulisikia. Nilitaka ile kanda isiwepo. Nikajiambia ni kwa ajili ya usalama wako. Moyo wa mtu ni hodari sana wa kujitafutia sababu.

Mama yako alijua. Alikuwa anapangusa kabati akaikuta ile kanda, karatasi ya jina imechanwa nusu. Akaiweka mezani mbele yangu. "Mwenye hii anajua?" Nikatikisa kichwa. "Basi utamwambia wewe," akasema. "Mimi sitamwambia, na sitakusaidia kumwambia." Hakulitaja tena mpaka leo adhuhuri, alipokuwa anakunja nguo zako. Alisema maneno matatu tu: "Mtoto anaondoka kesho."

Nawe hukukaa kuomboleza. Mwezi ulikuwa umebakisha wiki moja tu. Ulichukua daftari lako la visanduku, ukafuta viwili, ukachora vingine, ukasema, "Jumatano turudi Miasenyi." Tukarudi. Upepo ulikuwa mkali, vumbi jekundu limejaa hewani, na shangazi yako alikuwa anakohoa. Ukanipa kamera. "Leo shika wewe, baba. Mimi nitakaa karibu na shangazi, nje ya fremu, asijione yuko peke yake." Hukujua ulikuwa unampa nani kamera ile. Sijawahi kubeba kitu kizito kama kile.

Nilifuata daftari lako kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Tulipofika kisanduku cha kumi na saba nikaweka barabara ijae, nikamweka dada yangu kushoto, mdogo, na kidole changu chenyewe kikapanda juu ya kitufe. Nilitamani kumvuta. Nilitaka uso wake uje karibu. Hukunitazama hata mara moja, uliniamini. Nikakiondoa kidole kile na kukishika kwa mkono wa pili.

Basi likatokea, kwa mbali. Dada yangu akainua mkono kulisimamisha. Basi likapita, halikupunguza hata mwendo. Mkono ukabaki juu kidogo, kisha akaushusha kichwani, akarekebisha mtandio wake, kana kwamba aliuinua kwa ajili ya mtandio tangu mwanzo. Hilo halikuwa kwenye daftari. Hakuna ambaye angelichora. Nilikuona umeziba mdomo kwa kanga, na mimi machozi yalikuwa yanalowanisha kioo kile cha kuchungulia, lakini kamera haikutikisika.

Baadaye ukamwuliza tena lile swali lako. Akatabasamu. "Nilishasema, mwanangu. Jambo kama lile halisemwi mara mbili."

Chuo kilipoandika kwamba wamekuchukua, walitaja ule mkono na mtandio. Mwalimu naye anasema filamu ya pili inaishinda ya kwanza. Watu wakikwambia hivyo, usikubali kuitumia kunisafisha. Ule mkono uliletwa na Mungu na dada yangu, na mtu aliyejua pa kumweka. Mimi nilichofanya ni kufuta sauti ya mwanamke akilisema jambo la maisha yake yote, na sauti ile haipo tena popote duniani.

Wiki iliyopita nilikwambia nakwenda Maungu kununua mkaa. Nilikwenda Miasenyi, bila kamera. Nikamweleza Mwanajuma kila kitu, na selotepu pia. Akanimiminia chai. Chai ilipopoa ndipo akasema, "Kaka, kanda ilikuwa ya mtoto. Nenda ukaombe radhi kwa mwenyewe."

"Na kwako je?"

"Kwangu, wewe niulize."

Basi nikamwuliza. Mara ya kwanza maishani mwangu nikamwuliza dada yangu habari za Athmani, alikuwaje, alikuwa anapenda nini, alikuwa anacheka namna gani. Hakunirudia maneno aliyokwambia wewe. Alinipa mengine. Niliondoka jua limeshakuchwa kabisa.

Huko uendako watakufundisha lenzi na taa nisizozijua, na watakuwepo wanafunzi waliokulia ndani ya majumba yenye televisheni mbili. Usiwaogope, na usiwadharau. Utakosea, kama kila mtu. Nisilotaka ulichukue kutoka kwangu ni hii tabia ya kukosea na kukaa na kosa lenyewe. Mimi ningekwambia siku ile ile, ungelia, ungenichukia mpaka Ijumaa, mambo yakaisha. Nimelifuga miezi minne, nalo likala usingizi wangu, likala na furaha yangu ya siku barua ya chuo ilipofika. Uliruka ruka hapa uani na mimi nilikuwa napiga makofi kama mtu anayefukuza kuku.

Na kuhusu kazi, wewe ndiye uliyenifundisha, kwa hiyo nitasema dogo tu, la mzee wa mstari wa mbele. Endelea kuchora. Chora mpaka penseli iishe. Lakini mtu akifanya mbele yako jambo ambalo hukulichora, liache daftari umtazame yeye. Na kila ukimaliza kupanga watu wako, tafuta yule anayepitisha sinia.

Nilikusudia kuichomeka barua hii ndani ya begi lako, chini ya nguo, uikute ukiwa umeshapita Mtito Andei. Nimeghairi sasa hivi. Huko ni kukutupia mzigo ulie peke yako katikati ya wageni, na mimi huku nimeshapumua. Nitakupa mkononi, leo, kabla hatujala. Nitaketi mbele yako mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kupiga kelele, majirani watatuvumilia. Ukisema nisikusindikize kituoni kesho, sitakuja, mama yako atakupeleka, na sitakuuliza lini utanisamehe. Ila ujue kwamba nakutaka uende. Sikutaka mwezi wa Aprili. Sasa nataka, kwa moyo mmoja, hata ukiondoka umeninunia.

Nasikia sauti ya mtu anayewaamkia wazee wa barazani. Ni wewe. Umewahi kuliko nilivyodhani. Mlango nimeufunga kwa ndani, utabisha sasa hivi.

Nakuja kukufungulia.

Baba yako